Kuwajulisha Watoto Wadogo Wanyama na Ndege wa Aktiki

Mtu anayetaka kumweleza mtoto wa miaka minne au mitano habari za wanyama wa Aktiki, yaani eneo la baridi kali lililoko kaskazini kabisa mwa dunia, kwa kawaida huanza na dubu mweupe, kwa kuwa picha zake zimejaa kila mahali. Mimi, baada ya kufundisha chekechea kwa miaka kadhaa si mbali na mdomo wa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, nashauri aanze na ndege mdogo wa kijivu, ambaye uzito wake haupiti sana ule wa yai la kuku, anayekimbiakimbia juu ya tope bahari inapopwa. Watu wa pwani humtia pamoja na wenzake katika jina moja la vitwitwi, na wengi wetu tumempita miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba kwao alikozaliwa ni Aktiki.

Ndege ninayemkusudia ana mdomo mrefu mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini. Hutaga mayai, aghalabu manne, mwezi wa Juni katika tundra ya kaskazini kabisa mwa Siberia, yaani nyika isiyo na miti ambayo udongo wake wa chini umeganda mwaka mzima. Kisha husafiri zaidi ya kilomita 9,000 hadi kwenye fukwe zetu, ambako huanza kuonekana mwezi wa Agosti na kukaa hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Hupatikana Sabaki, kwenye Mkono wa Mida karibu na Watamu, kwenye delta ya Rufiji na Unguja, na vilevile kwenye fukwe pana za Barr al Hikman nchini Oman, kwa hiyo mzazi wa Kiswahili aliyeko Maskati naye anaweza kulitumia somo hili kama lilivyo. Pamoja naye huja mwenzake mweupe zaidi, ambaye hulifuata wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja, kana kwamba anaogopa kulowesha miguu. Watoto humwiga huyu wa pili bila kuambiwa.

Kabla ya kwenda ufukweni, mpe kila mtoto yai bichi alishike kwenye kiganja. Mwambie kwamba uzito anaousikia mkononi ndio uzito wa ndege atakayemwona, na kwamba ndege huyo amevuka milima, majangwa na bahari akiwa mzito kiasi hicho tu. Mayai mawili au matatu yatavunjika, na ni vizuri kuyahesabu katika gharama za somo. Nimejaribu kutaja kilomita mbele ya watoto wa umri huu nikaona hazina maana yoyote kwao, lakini yai wanalikumbuka hata baada ya likizo.

Safari yenyewe ipangwe kwa kufuata maji, si kwa kufuata ratiba ya shule. Bahari ikiwa imepwa kabisa, ndege hutawanyika mbali mno na watoto huona vidoti tu. Maji yakiwa yamejaa, hukusanyika mahali pamoja kupumzika na hawafanyi lolote la kutazamwa. Wakati unaofaa ni pale maji yanapoanza kujaa na kuwasukuma ndege kuelekea nchi kavu huku wakiendelea kula, na mvuvi yeyote wa jirani atakutajia saa hiyo bila kuangalia jedwali. Waketishe watoto chini, jua likiwa mgongoni mwao, na uwakataze kuwakimbiza ndege. Sababu iwe ya kweli: ndege huyu yuko hapa kujijaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya kurudi, na kila anaporushwa bure hupoteza sehemu ya akiba yake. Darubini moja inayopokezanwa na watoto kumi na watano huleta ugomvi kuliko faida, hivyo ni bora kuiacha nyumbani na kusogea polepole kwa makalio, jambo ambalo wao hulifurahia kupita kiasi.

Swali litakaloulizwa, na lisipoulizwa uliulize wewe, ni kwa nini ndege aende kutaga mbali hivyo ilhali hapa kuna joto na chakula. Jibu ni mbu. Katika majira mafupi ya kiangazi cha Aktiki, theluji ikishayeyuka na kuacha madimbwi kila upande, mbu na wadudu wengine hutokea kwa wingi usiosemekana (mbu wa huko hawaambukizi malaria, na mtoto wa pwani atataka kulijua hilo mapema), na kwa kuwa jua halitui, vifaranga wanaweza kujitafutia chakula karibu usiku na mchana. Waongezee jambo moja ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza nilipolijua: wazazi huondoka kwanza, madume yakitangulia, na vifaranga hufuata baadaye wenyewe kwa wenyewe, katika njia ambayo hawajawahi kuipita.

Jua lisilotua ni gumu kuliko linavyoonekana, nasi Waswahili tuna njia yetu ya kulieleza. Hesabu yetu ya saa husimama juu ya macheo na machweo: saa moja ya asubuhi ni saa moja baada ya jua kuchomoza, na saa moja ya usiku ni saa moja baada ya kutua, na hesabu hiyo hutufaa kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ambako mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Sasa waulize watoto: mtu anayekaa Longyearbyen, mji ulioko kwenye visiwa vya Svalbard nchini Norwei, ambako jua halitui tangu mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Agosti, ataanza lini kuhesabu saa moja ya usiku? Nilipowauliza wanafunzi wangu, mmoja wao alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba huko watoto hawaitwi ndani kulala. Baada ya jibu kama hilo hapana haja ya kuleta tochi na tufe. Taja pia kwamba majira ya baridi huwa kinyume chake, kwamba jua halichomozi kabisa kwa muda wa miezi kadhaa, kisha endelea.

Jambo la pili la kuwekwa wazi mapema ni mahali penyewe. Miaka iliyopita tulinunua chati ya ukutani iliyomwonyesha dubu mweupe amesimama kando ya pengwini juu ya kipande kimoja cha barafu, nami nikaitundika bila kufikiri. Siku ya tatu mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona dubu hamli?" Ukweli ni kwamba hawajawahi kukutana, kwa sababu dubu mweupe anaishi kaskazini mwa dunia na hakuna pengwini anayeishi Aktiki. Chukua chungwa, liweke kikonyo juu, umchore dubu kwa kalamu karibu na kikonyo na pengwini upande wa chini kabisa, kisha uzungushe uzi katikati na kusema kwamba sisi tuko hapo, kiunoni. Chati yetu tuliikata vipande viwili kwa mkasi mbele ya darasa, na kazi hiyo ilikuwa somo zuri kuliko chati ilivyokuwa ikiwa nzima.

Baridi haielezwi kwa maneno. Mtoto wa Mombasa au Dar es Salaam anaijua barafu kuwa ni maji ya ukwaju au ubuyu yaliyogandishwa ndani ya kifuko na kuuzwa kwa shilingi chache, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa kumpa anyonye huku ukimwambia kwamba kuna bahari nzima iliyoganda hivyo juu yake, ila ina chumvi. Siku inayofuata, jazeni kifuu kimoja maji ya bomba na kingine maji ya bahari, muviweke katika friza kwa pamoja na kuvichungulia kila baada ya muda. Maji ya bomba huganda kwanza, kwa kuwa yale ya bahari huhitaji baridi zaidi, karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Pasipo na friza, barafu ya kuhifadhia samaki hununuliwa kwa bei nafuu pale wanapoteremsha wavuvi, ingawa ni lazima ioshwe, na hata ikioshwa watoto watalalamikia harufu. Tofauti kati ya barafu na theluji ielezwe kwa ufupi tu: moja ni maji yaliyoganda, nyingine huanguka kutoka mawinguni ikiwa nyepesi kama pamba ya msufi. Aliye karibu na Moshi ana bahati, kwa maana siku ya anga safi humwonyesha mtoto theluji ya Kibo kwa kidole.

Barafu ikiwa tayari ndani ya beseni la maji, fanyeni jaribio la mafuta, ambalo kwa maoni yangu linazidi mengine yote. Wanaolieleza hupendekeza mifuko miwili ya plastiki, lakini kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, mimi hutumia glavu mbili za mpira za kuoshea vyombo, moja kubwa kuliko nyingine. Glavu kubwa hupakwa ndani mafuta ya kupikia yaliyoganda, yale yanayouzwa katika kopo, unene wa kidole. Ndogo huingizwa ndani yake, na midomo yake hufungwa pamoja kwa utepe ili mafuta yasimguse mtoto. Mtoto huvaa glavu hiyo mkono mmoja, na mkono wa pili huvaa glavu ya tatu, isiyopakwa kitu. Kisha huitumbukiza mikono yote miwili katika maji ya barafu huku wenzake wakihesabu mpaka kumi. Usizidishe hapo, kwani vidole vya mtoto huuma upesi. Kabla ya kufika sita mkono usio na mafuta huwa umeshatolewa majini, na ule mwingine bado unachezea vipande vya barafu. Wakati huohuo, akiwa bado anashangaa, ndipo utakapomwambia kwamba dubu mweupe ana tabaka la mafuta linaloweza kufikia unene wa sentimita 10 chini ya ngozi, na kwamba sili na walarasi, wanyama wa baharini wa huko, nao wamejikinga kwa namna hiyohiyo.

Sasa dubu anaweza kuingia darasani. Mambo matatu yanatosha. Kwanza, ngozi yake chini ya manyoya ni nyeusi, na kila unywele wake hauna rangi bali unapitisha mwanga, ndiyo maana tunamwona mweupe. Waache waitazame pua yake pichani, hapo weusi unaonekana. Pili, unyayo wake unaweza kuwa na upana wa sentimita 30, sawasawa na rula ya shule, hivyo kateni unyayo wa boksi na kila mtoto aweke wake juu yake. Tatu, mtoto wa dubu huzaliwa katika pango ambalo mama yake amelichimba ndani ya theluji, mara nyingi wakiwa pacha, kila mmoja akiwa na uzito wa kidogo zaidi ya nusu kilo. Pakiti ya nusu kilo ya sukari iliyofungwa kwenye kipande cha kanga ndiyo itakuwa mtoto huyo, na darasani kwetu hubebwa mgongoni siku nzima kwa zamu. Mama hukaa naye pangoni bila kula mpaka mwezi wa Machi au Aprili.

Litazuka suala la chakula. Dubu huyu hula sili, na wapo walimu wanaoficha jambo hilo au kusema kwamba anakula "samaki na vitu vingine". Sioni sababu ya kuficha. Watoto wetu wamemwona mbuzi wa Idi akichinjwa na wanajua kitoweo kinatoka wapi. Wanachohitaji ni mtu mzima anayelisema kwa sauti ya kawaida, bila kulitia chumvi na bila kuonyesha picha ya damu. Sili mwenyewe atambulishwe kwa msaada wa nguva, ambaye wazee wa Lamu na Mafia wanamjua: wote wawili hukaa majini, huja juu kuvuta pumzi na hunyonyesha watoto wao, ila nguva hula nyasi za baharini na sili hula samaki.

Majina yana matatizo yake. Wanyama wengi wa Aktiki hawana majina ya Kiswahili yaliyozoeleka, na vitabu huhitilafiana. Chagua jina moja na ulishikilie, na pale usipokuwa na jina la kutegemea, mweleze mnyama kwa sifa yake. Hata hivyo, angalia sifa yenyewe isimpotoshe mtoto. Yule nyangumi wa bahari za Kanada na Greenland anayeonekana kuwa na mkuki kichwani si "nyangumi mwenye pembe", kwa sababu kile kirefu kinachotokeza, ambacho kinaweza kufikia mita 3, ni jino lililojisokota kama kamba na kupenya mdomo wa juu. Mwite nyangumi mwenye jino. Mwenzake, nyangumi mweupe, huzaliwa akiwa wa kijivu na hugeuka mweupe kadiri anavyokua. Majina ya mbweha na sungura wa Aktiki hayana shida, na kwa sungura umerithi mtaji mkubwa, maana hakuna mtoto wa Kiswahili asiyejua kwamba sungura ni mjanja. Ujanja wa huyu wa kaskazini ni koti: jeupe wakati wa theluji na, katika sehemu nyingi anamoishi, la kijivu au kahawia theluji inapoyeyuka.

Ujanja huo, ambao mbweha naye anao, huchezwa hivi. Kata mbweha kumi wa karatasi nyeupe na kumi wa karatasi ya kaki, utandike shuka jeupe upande mmoja na gunia upande mwingine, uwatawanye wote kwa mchanganyiko, kisha umwite mtoto aliyejifunika macho, ajifunue na kuwaokota mbweha anaowaona mpaka wenzake wamalize kupiga makofi matano. Karibu kila mara hubaki weupe juu ya shuka na wa kaki juu ya gunia. Kwa njia hiyohiyo atajulikana kwale wa theluji, ndege ambaye hubadili manyoya kufuata majira na ambaye miguu yake imefunikwa manyoya mpaka vidoleni.

Mchezo wa pili ni wa uwanjani, nao unahusu ng'ombe wa miski, mnyama wa manyoya marefu yanayoning'inia karibu na ardhi, ambaye licha ya jina ana udugu wa karibu zaidi na mbuzi na kondoo kuliko ng'ombe. Mbwa mwitu wakija, wakubwa huunda duara, vichwa nje, na ndama hubaki katikati. Watoto wakubwa wawe duara, wadogo waingie ndani, na wawili wawe mbwa mwitu wanaojaribu kumgusa ndama. Duara halitakiwi kushikana mikono, kwani wanyama hao hawana mikono, na utakumbushwa hivyo na mtoto mmoja kila wakati.

Kwa bundi mweupe nenda taratibu. Katika nyumba nyingi za kwetu bundi ni ndege wa nuksi, na mtoto anayekuambia kwamba bibi amekataza bundi kutajwa asichekwe wala bibi asipingwe mbele yake. Mimi humwambia kwamba bundi wa bibi hulia usiku, na huyu wa kaskazini huwinda hata mchana kweupe, kwani wakati wa kiangazi hapana usiku wa kuusubiri. Kisha humwonyesha picha ya dume jeupe karibu lote na jike lenye madoa meusi, naye mwenyewe ataamua kama yu tayari kumtazama. Bundi huyo hula hasa panya wa tundra wanaoishi chini ya theluji, na mwaka ambao panya ni wengi hutaga mayai mengi zaidi.

Masomo haya yagawanywe, mnyama mmoja kwa wiki, na yafungwe kwa vitendawili, kwa kuwa mtoto anayeweza kutega amekwisha kuelewa. Nitataja viwili tulivyotunga darasani: "Nina koti mbili, fundi wangu ni theluji," ambaye ni mbweha, na "Jino langu refu kuliko mlango," ambaye ni yule nyangumi. Hadithi nazo zianze kwa paukwa na pakawa kama desturi, hata zikiwa za kweli tupu. Hadithi ya buabua wa Aktiki haihitaji kuongezwa chochote: ndege wa uzito wa mayai mawili, ambaye hutaga kaskazini mwa dunia na kwenda kungoja upande wa pengwini mpaka majira yabadilike. Wataalamu waliowafunga baadhi yao vyombo vidogo vya kufuatilia safari huko Greenland na Iceland walikuta kwamba kwa mwaka mmoja huruka wastani wa kilomita 70,000 na zaidi. Lete lile chungwa tena, na kidole cha mtoto kishuke toka kikonyoni hadi chini na kupanda tena.

Usisahau watu. Aktiki ina wenyeji, wakiwamo Wainuit wa Kanada, Greenland na Alaska na Wasami wafugao kulungu wa kaskazini katika nchi za Norwei, Uswidi, Finland na Urusi, na watoto wao huenda shule na kucheza mpira kama hawa wa kwetu. Jina la "Eskimo" liachwe, kwa kuwa wengi wao huliona la dharau. Dubu mweupe kwa Kiinuit huitwa nanuq, neno ambalo wanafunzi wangu hulitamka vizuri kuliko mimi, labda kwa sababu ya madrasa, ambako wameshafundishwa qaf.

Kuhusu barafu kupungua kwa sababu ya joto la dunia, maoni yangu ni kwamba mtoto wa chini ya miaka sita asiletewe jambo hilo kama habari ya msiba. Akiuliza, ajibiwe kwa ukweli na kwa maneno machache, kwamba barafu ya baharini inapungua, kwamba dubu anaihitaji ili aweze kuwinda sili, na kwamba wapo watu wazima wanaoshughulikia jambo hilo. Asipouliza, kuna wakati wake mbele.

Mwezi wa Aprili rudini ufukweni, kabla ya ndege kuondoka. Baadhi ya wale wa kijivu watakuwa wameanza kugeuka wekundu kama tofali kifuani na tumboni, rangi ya kutagia, na watoto waliozoea kuwachora kwa penseli wataomba krayoni nyekundu. Tunza michoro hiyo. Mwishoni mwa Agosti, shule ikifunguliwa, ichukueni mwende nayo, kwani wanaotangulia kufika mara nyingine huwa bado wana mabaka mekundu, na wanafunzi wangu hushindana kumtafuta aliye mwekundu zaidi, wakiamini kwamba ndiye waliyemchora.